Gemu la Laki Mbili na Nusu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Maandalizi ya Kamati Kubwa. Mashehe na wachungaji. Wenye mitumbwi, wachuuzi wa dagaa, wapagazi wa Kibirizi, na nyie vijana mliokaa juu ya chanja ya kuanikia dagaa, hebu shukeni. Mabibi na mabwana, mwakeye! (Wanaitikia salamu wazee watatu.)

Mimi, Erasto Ntahondi, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Burudani za Kidijitali Mwambao, nimesimama mbele ya utepe huu wa uzinduzi kujibu swali linalowanyima usingizi mastekiholda wote kuanzia Kagunga hadi Ujiji: gemu jipya la mpira kupanda hadi laki mbili na nusu, je, ni halali? Jibu la kitaalamu ni ndiyo. (Miguno.) Msigune! Gemu la zamani uwanja ulikuwa kijani tu, basi; hili la sasa unaona jani mojamoja, unaona mpaka jasho la beki, sasa ndugu zangu, jasho hilo mnataka litoke bure? (Kicheko. Mheshimiwa anadhani ni pongezi, anainama.)

Utafiti wetu wa kina, uliotuweka hotelini siku tisa mfululizo, umebaini kuwa asilimia mia moja na nne ya wavuvi, mbalamwezi ikiwaka na dagaa wakakataa kufuata taa, hawaendi ziwani bali huenda kwenye kibanda cha Mama Mwanvua kucheza gemu, na ndiyo maana kamati, chini ya uongozi wangu uliotukuka...

(Mama Mwanvua, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, wamebadilisha jezi tu, hakuna kipya! Na runinga yangu iko wapi? Miezi mitatu naanika dagaa za watu kwa ujira, na mbalamwezi inaanza keshokutwa!" Makofi marefu.)

Tulia mama yangu, nakuja huko. Ni kweli kamati ilichukua runinga na mashine yake ya gemu kwa ajili ya uhakiki, na kila mtumbwi ulichanga ndoo ya dagaa, ili tujenge Kituo cha Gemu cha Kisasa chenye viti mia sita, kipoza hewa, na gemu moja jipya la kuchezwa na wote kwa zamu, ili bei isimuumize mtu. Huo ndio ubunifu! Gemu kwa wote! Kibirizi kidijitali! (Mtu mmoja anakohoa.)

Kwa kumalizia, nakushukuru kwa dhati Mama Mwanvua. Runinga yako iko salama kabisa, ipo ukutani sebuleni kwangu, picha yake safi ajabu, na wanangu, wanaolicheza lile gemu tulilonunua kwa dagaa zenu, ni mashahidi kuwa linastahili kila shilingi. Kituo chenyewe hatujajenga, na kusema ukweli hata kiwanja hatukuwahi kuomba. Utepe huu nimeufunga kwenye chanja ya Mzee Pastory, naye pia namshukuru.

(Mama Mwanvua anapita mbele, anachukua mkasi, anakata utepe. Anawageukia wapagazi: "Wanangu, mzigo uko sebuleni kwa Mheshimiwa. Twendeni." Wapagazi wanaweka vichwani kata zao za kubebea mizigo na kumfuata, na uwanja mzima nyuma yao.)

Jamani, hotuba bado! Jamani, wanangu wako katikati ya mechi!