Nyaya Mbili Zilizosokotwa

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema. Bosi wa gereji ametangaza: atakayeliwasha gari la mwalimu mkuu kabla ya Alhamisi kwisha ndiye atakayehamia chini ya paa. Ni mimi au fundi mwenzangu, Miwani. Miwani ana mashine ya kusoma hitilafu. Mimi nina taa ya kupimia niliyoachiwa na mjomba, na miaka mitatu ya kutengeneza magari chini ya mwavuli. Paa ni langu. Mvua imeninyeshea vya kutosha.

Jumanne, 4 Juni
Ubaya nimeuona. Nyuma ya dashibodi kuna nyaya mbili nyembamba, zimesokotana mwanzo hadi mwisho. Uvivu wa kiwandani! Nimezifumua, nikazinyoosha, nikazifunga tepu kila baada ya shubiri. Zinapendeza. Nikawasha. Injini kimya, ila taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja. Nilimweleza bosi kwamba angalau taa zote ni nzima.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni msusi, aliuliza kama na yeye aanze kufumua kila kichwa anachokikuta kimesukwa. Nilimwomba asiingilie mambo ya umeme.

Jumatano, 5 Juni
Nilijifanya natafuta spana ili nimsikilize Miwani. Alikuwa akimweleza bosi kwamba kompyuta zote za gari huongea kupitia nyaya zile mbili, na kila ncha lazima iwe na rezista moja, kile kidude cha kuzuia umeme, la sivyo maneno hurudi kama mwangwi. Amepima, moja imekufa. Akaenda dukani kutafuta nyingine.

Dukani! Mimi ninazo droo nzima. Nikafunga tano. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Gari halikukohoa hata kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Miwani amezitoa tano zangu, akafunga moja yake, akazisokota nyaya upya. Alinieleza kwa upole kwamba msokoto huo ndio unaozuia makelele ya umeme wa nyaya za jirani. Niliitikia kwa kichwa. Gari likawaka mara moja, na bosi akampa paa. Iliniuma.

Kisha Miwani, Mungu ambariki, akasema paa linatosha watu wawili, mradi nisiguse kazi yake. Nikaapa. Jioni mvua ilinyesha nami nimekaa ndani, chai mkononi, mkavu hadi soksi. Nina furaha, sifichi.

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu mkuu anakuja saa nane kuchukua gari lake. Miwani ametoka kwenda kula, kaniachia nililinde. Nimechungulia nyuma ya dashibodi. Maskini, kwa haraka zake kaziacha nyaya zimejisokota vilevile kama za kiwandani. Wema haulipwi kwa maneno. Nimeshazinyoosha zote, na safari hii nimetumia tepu mpya.