MUKENE 100%safi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi Fabiano ametangaza: Ijumaa anachagua mmoja wa kusimamia kompyuta za lebo, hapa Busia na kule Tororo. Mwingine afungashe magunia. Ni mimi au Harriet, aliyetoka Tororo. Lakini programu ya lebo niliiandika mimi, kwa lugha ya C, peke yangu! Leo nimebadilisha neno la siri la programu: HARRIETRUDITORORO. Nimecheka hadi machozi.

Jumanne, 4 Machi
Mungu wangu! Benedeta wa Lumino ameleta magunia arobaini ya mukene, wale dagaa ambao sisi wa upande wa Kenya tunawaita omena. Akataka lebo iseme MUKENE 100%safi. Nikachapa, nikabandika bila kusoma. Zimetoka MUKENE 100HARRIETRUDITOROROafi. Arobaini! Harriet akizisoma moja moja! Benedeta akafoka, "Wewe Jacktone, hii samaki yangu natukana watu?" Bosi akabandua lebo moja, akaitia mfukoni. Heri angefoka naye.

Jumatano, 5 Machi
Harriet amenieleza, kwa upole wa kuudhi. Eti printf, ile amri ya kuchapa, nimeilisha maneno ya mteja matupu, nayo huyachukua kama maagizo. Ikiona %s, inakwenda kwenye kumbukumbu kutafuta maneno ya kuchapa. Ikaokota ya karibu: neno langu la siri. Niandike printf("%s", jina), maneno ya mteja yachapwe tu, yasiamrishe. Mstari mmoja! Nikasema nilijua. Sikujua. Lakini nitumie dawa ya Harriet kabla ya Ijumaa? Thubutu! Mkosaji ni hiyo %. Nimekimwagia gundi kibonyezo chake.

Alhamisi, 6 Machi
Ole wangu! Kumbe % inakaa kibonyezo kimoja na 5. Magunia yote ya kilo 50 yametoka kilo 0. Wakulima wa Bulumbi wamejaa mlangoni wakiuliza nani amekula mahindi yao. Harriet akaleta kibodi nyingine, akarekebisha ule mstari mmoja kabla chai yangu haijapoa. Benedeta kapata lebo zake. Hata hakuniaga.

Ijumaa, 7 Machi
Harriet! Bosi amemchagua Harriet! Nimekaa juu ya gunia. Bosi akaniuliza nangoja nini, nikafungashe. Harriet mwenyewe akaniombea, mimi! Nipewe nafasi moja ya mwisho: kesho nikarekebishe kompyuta ya Tororo, mstari uleule. Nimeitikia kwa unyenyekevu mkubwa. Moyoni nachemka.

Jumamosi, 8 Machi, Tororo
Mstari wake sikuuandika ng'o. Nina akili zangu! Nimefanya programu ikatae %s, basi. Shida yote ilikuwa hiyo s. Mteja wa kwanza, mzee Olupot, Bosi amesimama nyuma yake. Lebo: ASALI 100%nzuri. Baada ya % hakuna s! Nikabonyeza kwa kidole kimoja, kwa maringo.

Programu imekufa papo hapo. Bosi amenishikia begi langu mlangoni. Jamani, kumbe %n nayo ni agizo! Anipe dakika moja tu, naikataza na hiyo.