Mbinu za Kumfumbua Macho Leonard

Jumatatu, 7 Oktoba

Imekubaliwa! Bendi yetu, Birika la Askofu, itapiga tena Jumapili hii, ukumbi wa kanisa, hapa hapa Canterbury. Saa tisa alasiri, maana mashabiki wetu siku hizi hawapendi kutembea gizani. Hilary, mke wangu, aliuliza mashabiki gani.

La muhimu ni solo yangu. Mwaka 1974 tulirekodi wimbo wetu mkubwa, nusu roki, nusu jazi, unaojaza upande mzima wa santuri. Zamu ya kinanda changu ilikuwa ifuate ya saksafoni. Leonard Tupman akapuliza saksafoni mpaka upande wa santuri ukaisha. Solo yangu haijasikiwa na binadamu yeyote. Nusu karne imenikaa kooni. Jumapili itatoka, Leonard apende asipende.

Jumanne, 8 Oktoba

Mazoezi, gereji ya Cyril, mpiga ngoma wetu. Kwetu hakuna anayekatizwa. Ukishapewa zamu unapiga unavyojisikia, mpaka Cyril akuinamishie kichwa. Ukikiona kichwa, unamaliza, unampisha mwenzako. Sheria nzuri sana.

Tatizo: Leonard hupuliza akiwa amefumba macho. Leo Cyril aliinamisha kichwa. Akainamisha tena. Akainamisha mpaka miwani ikaangukia ngoma. Leonard wala hana habari! Pamela wa gitaa la besi alitua gitaa, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kikombe, akadaka wimbo bila taabu. Muda ukaisha, Cyril ana miadi ya daktari wa meno. Nilipata nafasi ya kupiga noti moja. Ilikuwa nzuri.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu ya kwanza. Nilimpigia Leonard simu kwa sauti ya huruma. Nikamwambia mtu wa umri wetu akisimama muda mrefu amefumba macho, ataanguka. Nikamtajia mpiga saksafoni wa mji wa Whitstable aliyeangukia kinubi. (Hayupo. Nimemtunga.) Leonard aliguswa. Alisema mimi ni ndugu kweli, na kwamba hajui angekuwa wapi bila mimi. Nilikata simu nikiwa nimeridhika kabisa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leonard amekuja mazoezini na kiti cha sebuleni kwake. Chenye mikono na mto! Sasa anafumba macho na wala hachoki. Alipuliza mpaka jirani wa Cyril akamaliza kukata ukoka, mbele na nyuma.

Pamela alinivuta pembeni. Akasema, “Si umwambie tu, mzee mzima wewe? Mwambie, Leonard, fumbua macho, na sisi tupige.” Kumwambia! Mtu na mwenzake! Mimi na Leonard tuko bendi moja tangu 1969 na hatujawahi kuambiana jambo la namna hiyo. Mkewe alipomkimbia nilimwuliza kuhusu hali ya hewa, naye alishukuru. Pamela alijiunga nasi 1972, hawezi kuelewa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata! Leonard alipita kuchukua nakala ya wimbo. Hilary alikuwa anatoa kwenye oveni soseji zake zilizoviringishwa ndani ya unga uliokandwa. Leonard alikuwa bado yuko getini, akainua pua, macho yakamtoka. Alikula nne akiwa amesimama. Hilary alifurahi, akasema angalau kuna mtu anayekula chakula kikiwa moto. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilimwomba Hilary aoke sinia zima kwa ajili ya kesho. Amekubali, ila kwanza nisafishe mifereji ya paa. Nimesafisha. Nina majani hadi kwenye soksi.

Jioni nilifanya mazoezi ya solo jikoni kwa kinanda kidogo. Nilifumba macho ili niipate vizuri. Hilary anadai aliniita mezani mara kadhaa. Mimi sikusikia kitu. Samaki wangu ameliwa na paka.

Jumapili, 13 Oktoba

Ukumbi ulijaa nusu. Makoti ya mvua, thermosi, nyuso za watu wazima. Sinia nilikuwa nimelificha chini ya kinanda, limefunikwa taulo.

Leonard alikaa, akafumba macho, akaanza. Baada ya muda mrefu Cyril aliinamisha kichwa. Nikavuta taulo, nikasukuma sinia kwa mguu. Pua ikainuka. Jicho moja likafunguka. La pili. Akaona soseji, akaona kichwa cha Cyril. Sheria ni sheria! Alimaliza papo hapo, na watu wakapiga makofi kwa nguvu sana.

Zamu yangu. Nilifumba macho. Yote yalitoka: 1974, ile santuri, miaka yote niliyofundisha piano watoto wasiotaka. Nilikaribia kulia. Sijawahi kupiga vile maishani.

Nilipofumbua macho, mtunza ukumbi alikuwa anapanga viti. Watu hakuna. Ngoma zilishapakiwa kwenye gari. Hilary aliondoka na lifti ya jirani. Pamela, koti mwilini, alisema Cyril aliniinamishia kichwa mpaka shingo ikakaza, wamempeleka nyumbani. Leonard alikuwa bado kwenye kiti chake, anamalizia soseji ya mwisho. Alisema, “Nzuri sana, Desmond. Hasa ule mwanzo.”

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetafakari. Watu waliondoka kimya kwa heshima, ndivyo mtu anavyotoka kanisani. Cyril amevalishwa kola ya shingo. Mpiga ngoma asiyefanya mazoezi ya viungo ajilaumu mwenyewe.

Leonard alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya huruma. Anasema amesikia habari za mpiga kinanda mmoja wa mji wa Margate, wa umri wetu, aliyepiga amefumba macho akaanguka kutoka kwenye benchi. Maskini! Niliguswa sana. Nilimwambia yeye ni ndugu kweli.

Nimeshatoa kiti chetu chenye mikono sebuleni na kukiweka mbele ya kinanda. Kinanifaa kabisa, hata mgongo hauumi. Hilary anaangalia televisheni akiwa amesimama.