Kitanda cha Udongo katika Nyumba ya Mapupe

Jumatatu, 10 Novemba 2008

Barabara ya Butembo bado imefungwa na vita. Magunia yangu ya maharagwe yamekwama huko juu, kama bado ni yangu. Nimekaa mtaani Mapendo bila kazi, na Rosine, bibi niliyemuoa, ameanza kunipita nyumbani kama mutu anayepita gunia tupu.

Leo nimepata njia. Masœur Léocadie, mtawa anayetunza watoto wa wakimbizi pale parokiani, ameletewa kutoka Ulaya nyumba ndogo ya mapupe, wale wanasesere wa watoto. Ya mbao, ina ghorofa, madirisha, hata ngazi. Ndani hamna kitu, vyombo vilipotea njiani. Anatafuta mutu wa kufinyanga vitanda, viti na meza ndogo kama kidole, kwa udongo wa kizungu unaokauka kwa hewa tu, bila moto. Atakayeshinda atapewa kazi ya kufundisha watoto. Wameona mengi barabarani, alisema, na wengine hawasemi tena. Labda wakicheza nyumba watasema.

Nikamwambia kwamba huko Butembo nilifinyanga miaka mingi. Udongo ninaoujua ni ule wa kwenye viatu.

Shida ni Habarurema, mutu wa Masisi anayechonga gorila za mbao kwa watalii. Watalii hawako, basi naye amejitokeza. Kila mmoja wetu amepewa paketi ya udongo na plato ya kubebea kazi: mimi ya bluu, yeye nyekundu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemtembelea Habarurema kama rafiki. Nikamweleza kwa sauti ya fundi kwamba udongo huu lazima ulazwe wazi juani ili upumue. Alinishukuru sana, akaniletea chai. Nikakaa mpaka jioni nikingoja aifungue paketi. Hakuifungua. Alinisikiliza kwa heshima, na huku akiizungushia kitambaa chenye maji.

Niliporudi nikakuta paketi yangu mwenyewe mezani, wazi. Nilikuwa nimeifungua asubuhi ili ninuse. Nusu yake imekuwa jiwe. Rosine ameshaitumia kuzuia mulango usipigwe na upepo. Anasema ni kitu cha kwanza cha faida nilicholeta nyumbani mwezi huu.

Alhamisi, 13 Novemba

Udongo uliobaki hautoshi. Nimepata akili: bunga ya mihogo. Ni nyeupe, inashikana, na haitoki Ulaya. Nimesonga bugali kidogo, nikachanganya. Rosine akauliza kama ile ndiyo chakula cha mchana. Nikaendelea kukanda. Mutu wa sanaa hajibu.

Nimefinyanga sofa, kabati na kitanda. Miguu ya kitanda ilikuwa inalegea, nikakiweka karibu na makaa ya mbabula kikauke haraka. Kimepasuka katikati, na mguu mumoja umekimbilia pembeni.

Fabiola alikuwa ananitazama. Ni mutoto wa Sidonie, binamu wa Rosine. Walikimbia Rutshuru, sasa wanalala kwetu. Tangu wafike mutoto hajasema hata neno. Mama yake humwimbia, humbembeleza, hakuna. Leo alikitazama kitanda changu muda mrefu sana. Nikaona machoni mwake kwamba anakisifu.

Ijumaa, 14 Novemba

Panya wamekula sofa. Kabati limebaki mulango. Kitanda hawakukigusa, sijui walikiogopa.

Jumamosi, 15 Novemba

Mizinga imesikika upande wa Kibati tangu asubuhi. Majirani walibeba magodoro kichwani, tshukudu, zile baiskeli za mbao, zikashuka na sufuria na wazee juu yake. Rosine alifunga mizigo. Sidonie hakufunga kitu. Alikaa tu mulangoni, Fabiola mgongoni, kitenge kimeshakazwa, kama mutu aliyezoea. Nikashindwa kumtazama.

Kwenye kipango, pale uani, Rosine aliniuliza nimebeba nini ndani ya shati. Nikamwonyesha kitanda. Akaniuliza na bunga je? Bunga nilikuwa nimeisahau.

Mchana kukatulia. Tukafungua mizigo.

Jumapili, 16 Novemba

Kazi zimeonyeshwa baada ya misa. Kabla watu hawajaingia nilichungulia plato ya Habarurema. Meza yenye droo inayofunguka. Viti vyenye mgongo wa kusuka. Sufuria na kifuniko chake. Nikaona dunia haina haki, nikairekebisha kidogo: vyombo vyake nikavihamishia kwenye plato ya bluu, kitanda changu nikakiweka peke yake kwenye nyekundu. Kisha nikasimama karibu na bluu, mikono nyuma.

Masœur alivipanga vyote ndani ya nyumba. Watoto wakakaa mbele ya meza yenye droo, kama kanisani. Hakuna aliyethubutu kugusa. Halafu Fabiola akaingiza mukono, akakitoa kitanda changu, akakigeuza, akasema:

“Hii kitanda iko mubaya. Mutu atalala namna gani? Ataanguka.”

Sidonie akajifunika mdomo, akapiga magoti palepale. Mutoto mwingine akasema kitawekewa jiwe chini ya mguu. Mwingine akasema hapana, kwao walilala chini, kitanda si lazima. Wakaanza kubishana, wote. Masœur alikuwa analia na kucheka. Akauliza plato nyekundu, iliyoleta kitanda, ni ya nani.

Habarurema, bila haya, akajibu kwamba ni yake, na kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani.

Nikasema kwa nguvu: “Ile mubaya ni yangu!”

Watu wakaniambia niache wivu. Rosine akanivuta shati.

Jumanne, 18 Novemba

Masœur ametukalisha meza moja, kila mutu na donge lake, tutengeneze kiti mbele yake, ajue kitanda kilikuwa cha nani. Habarurema alijaribu kweli kufanya kibaya. Alikunja, alipinda, jasho likamtoka. Mikono ilimkatalia. Kikatoka kiti cha kuuza.

Changu kililala ubavu hata kabla sijamaliza.

“Papa Kataliko,” Fabiola akaniambia, “kiti yako iko na ugonjwa gani?”

Kesi ikaisha. Habarurema ndiye atakayefundisha. Na mimi nimepewa kazi pia: kila siku nitafinyanga kitu, na watoto watakirekebisha huku wakisimulia nyumba zao zilivyokuwa. Nimemwambia Rosine kwamba mimi ni profesa. Masœur aliniuliza plato zilibadilishanaje. Nikasema watoto hawa wana michezo mingi.

Jumapili, 23 Novemba

Wiki imekuwa nzuri. Fabiola anasema tangu asubuhi mpaka usingizi umchukue, na nusu ya maneno ni kuhusu makosa yangu. Jana alieleza jiko lao la Rutshuru, jiwe kwa jiwe, na kuku aliyelala ndani ya kikapu. Sidonie akacheka kwa ajili ya yule kuku. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Nikatoka nje kidogo, moshi wa mbabula ulikuwa mwingi.

Baada ya misa Masœur amesema sanamu za Noeli za parokia, wachungaji na wanyama wa zizini, zimevunjika, zinatakiwa mpya, kubwa, kimo cha mutu. Amemtazama Habarurema. Nikawahi mimi. Nikasema Butembo nilitengeneza za diosezi nzima.

Habarurema akataka kujua kama na punda nitamuweza. Nikamjibu punda ndiye utaalamu wangu.

Rosine ameniuliza njiani ni wapi nimewahi kumuona punda. Sijawahi. Lakini jirani ana mbuzi mutulivu, ni kumuongezea masikio tu.