Rangi ya Samaki wa Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimepasua trauti wa kwanza wa msimu. Nyama nyeupe kama karatasi! Enzi za Mama Watoto, ukipasua samaki wa bwawa letu unakuta waridi tupu. Kila asubuhi alitwanga uduvi kinuni, aproni kiunoni, akiimba nyimbo asizojua maneno yake, kisha akauchanganya na chakula cha samaki. Paka wa mtaa mzima walikuwa wageni wetu. Ametutoka miaka miwili sasa. Asubuhi zimekuwa kimya mno.

Jumamosi anakuja mpishi wa hoteli kuchagua bwawa litakalomlisha mwaka mzima. Anataka waridi. Shemeji, kaka wa marehemu, ana bwawa jirani na samaki wake wamekolea. Siri yake? Unga wa rangi wa dukani. Rangi ya kiwandani! Mimi ni asili tu, kama marehemu. Uduvi nimeukosa soko zima. Nimenunua karoti, gunia.

Jumanne, 4 Machi
Samaki wamezitema karoti. Maji yamekuwa rangi ya chungwa. Mimi pia, hadi viwiko.

Bwana samaki, mtaalamu wetu wa mabwawa, amepita. Anasema trauti hajitengenezei rangi, anaila, na ile ya karoti haikai kwenye nyama yake. Uduvi unafaa, unga wa dukani unafaa, ila lazima ale wiki nyingi. Nikamuuliza kama kuna njia ya siku nne. Akaniuliza kama nimepata chai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Bitiruti! Nimezichemsha na kuloweka minofu humo. Imetoka waridi kabisa. Nikaiweka kwenye sahani yake ya maua nikabaki naitazama. Kwa dakika moja jikoni palikuwa kama zamani. Nusura nigeuke nimwite aje aone.

Binti yangu akaingia, akanusa. Eti samaki ananuka shamba. Nikamwambia biashara haijui.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Mpishi amekuja na koti jeupe, limepigwa pasi. Akashika mnofu wangu. Vidole vikawa vyekundu. Akavifuta kwenye koti. Akakamulia limau, rangi ikachuruzika hadi mezani.

“Mzee,” akauliza, “huyu samaki aligongwa na gari?”

Shemeji alicheka hadi akaketi chini. Kazi akapewa yeye. Hapo nikapandwa na mori. Nikamfokea mbele ya watu kwamba dada yake angeona haya, yeye na kiwanda chake!

Kicheko kikakatika. Akasema taratibu, “Shemeji, unga huu alinionyesha dada mwenyewe. Uduvi ulikuwa haupatikani siku zote. Kinuni alikuwa anatia uduvi kidogo na kijiko cha unga. Akanikataza nisikwambie. Alisema, ‘Mume wangu anapenda kuamini ni uduvi mtupu. Mwacheni.’”

Nikamtazama binti yangu. Akainamisha kichwa. Naye alijua!

Nimekaa kando ya bwawa hadi chakula cha mchana kikapoa. Miaka thelathini mwanamke ananitwangia uongo kila asubuhi, huku anaimba. Nilijaribu kukasirika. Nikashindwa, nikacheka, machozi yakaja yenyewe. Shemeji akaja akakaa karibu yangu. Tulikuwa tunammisi mtu mmoja.

Jumapili, 9 Machi
Mpishi amepiga simu. Shemeji ameniombea! Samaki wa bwawa moja hawatoshi hoteli nzima, kwa hiyo atachukua na wangu kwa ajili ya supu. Weupe vilevile walivyo. Sharti moja: nisiwaguse. Binti yangu ameniapisha, hakuna ujanja tena. Nimeapa, mkono juu, kwa moyo mweupe.

Lakini weupe tu hivihivi? Samaki wa kawaida, kwenye hoteli? Hapana. Nimeandika kibao kizuri: TRAUTI WA THELUJI, UKOO ADIMU. Mpishi atanishukuru.

Kikwazo ni kimoja tu, yale madoa meusi ya mgongoni. Kesho naanza na chokaa.