Kuhusu Tai Aliyetoweka Baada ya Kamera Yangu Kusafishwa

Pike Narrows, Minnesota
14 Septemba

Kwa Bi. Arlene Tollefsrud,
Katibu wa Safari,
Klabu ya Wapiga Picha wa Pike Narrows.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA SOMO LA KUSAFISHA KAMERA NA KURUDISHWA KWA TAI

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Bwana Duane na goti lake jipya. Sisi hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye sijambo mwilini tu.

Mimi, Verlyn Haugdahl, ni mwanachama wa klabu yetu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa miaka sita nimekuwa kiongozi wa Safari ya Tai, inayofanyika kila Jumamosi ya pili ya Oktoba kule juu ya Jabali la Kettle. Unayajua yote hayo, lakini nayaandika kwa sababu inaelekea wapo wanaoyasahau. Juzi nimepokea ratiba yako ya msimu huu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Jumamosi ya pili ya Oktoba hakuna tai. Pameandikwa: "Somo la kusafisha kihisi, chumba cha chini cha kanisa. Mwalimu: Gordy Maki. Njoo na kamera yako chafu."

Bi. Arlene, mimi si mtu wa kulalamika. Nimeendesha gari la kaunti la kusukuma theluji kwa miaka thelathini na mmoja bila kuandika barua hata moja, hata mwaka ule walipolipaka rangi ya waridi. Lakini hili limenikaa kooni, na naomba uniruhusu nilitoe kwa utaratibu.

1. Kwamba tai alikuwepo. Kwa miaka sita sikupiga picha hata moja pale jabalini ambayo tai hakutokea. Mdogo, mweusi, wa mbali, juu upande wa kushoto. Wenzangu walirudi na picha za mawingu, mimi nikarudi na tai, na ndiyo sababu mkanifanya kiongozi. Picha yangu ya "Tai Juu ya Ziwa" ilipata utepe wa bluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya kaunti. Jaji, mtu mzima aliyetoka Minneapolis, aliandika kwa mkono wake kwamba ndege "amekaa mahali pake hasa." Picha hiyo mpaka leo imetundikwa maktabani, juu ya sanduku la kurudishia vitabu.

2. Kwamba tai huyo alikuwa na adabu. Hakuwa ndege wa kuruka ovyo ovyo. Nikielekeza kamera kaskazini, yupo juu kushoto. Nikigeuka kusini, keshafika, juu kushoto. Nikiisimamisha kamera wima, anahamia juu kulia bila kuambiwa. Maishani mwangu nimefuga mbwa wanne na hakuna aliyenisikiliza namna hiyo.

3. Kwamba mambo yaliharibika mwezi wa Aprili. Gordy Maki ni fundi wa injini za boti, na kwa hiyo anaamini kila chombo duniani kina uchafu ndani. Alisimama kwenye mkutano wetu akasema atatuonyesha namna ya kusafisha kihisi, yaani kile kibao kidogo kinachong'aa ndani ya kamera, ambacho ndicho hupokea picha. Akataka kamera ya mfano. Akachukua yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na keki. Akatoa lenzi, akamulika kwa tochi, na mbele ya watu kumi na wanne akasema: "Duh, Verlyn, unafuga nini humu? Hili vumbi lina umri wa kupiga kura." Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, Bi. Arlene. Ulijiziba kwa kisahani lakini mabega niliyaona yakitikisika. Akapuliza kwa kipulizo cha mpira, akapangusa kwa kile kijiti chenye kitambaa, mara moja kwenda na mara moja kurudi, akanirudishia kamera na kusema, "Haya mzee, sasa umepona."

Tangu jioni ile sijamwona tai.

4. Kwamba nimefanya uchunguzi. Mwezi wa Mei niliitisha safari ya dharura. Tulikwenda wanne: mimi, mke wangu Dorthea, na akina Ostby, mume na mke. Nilisimamia kanuni zote za uongozi: nguo za rangi ya majani, hakuna kutafuna karanga, na ukimya kamili. Baada ya saa moja akina Ostby waliondoka. Bwana Ostby alinipiga bega akasema, "Usijali, labda kahamia Wisconsin." Sijapata kuaibishwa hivyo na mtu aliyevaa koti aliloazima kwangu. Sisi tulibaki saa mbili zaidi. Hata Dorthea, aliyekuwa nyuma yangu upande wa gari, ilinibidi nimnyamazishe mara mbili, mara ya pili kwa mkono. Nikapiga picha mia mbili na kumi. Mbingu ni tupu katika zote. Ni safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

5. Kwamba Gordy anasema maneno. Pale dukani kwa wauza chambo anatangaza kwamba tai wangu alikuwa ndilo lile vumbi. Namjibu bila hasira. Kwanza, vumbi halipewi utepe wa bluu. Pili, nikiikuza picha naona mabawa mawili waziwazi, na moja limekunjwa kidogo. Tatu, na hapa nataka ajibu kwa maandishi: ikiwa hapakuwa na tai, watu wote wale niliowaonyesha kwa kidole walikuwa wanaona nini? Wewe mwenyewe mwaka juzi nilikuuliza, "Unamwona?" Ukasema, "Aa, yule pale, ndiyo, kapendeza kweli." Mchungaji Lindvall alimwona. Mama Ostby alimwona na alikuwa hajavaa miwani. Mji wetu una watu wapole, nakubali, na mtu hachukui kipande cha mwisho cha keki mpaka abembelezwe mara tatu, lakini siamini kwamba klabu nzima inaweza kumwona tai kwa upole tu.

6. Kwamba kwa hiyo ukweli ni mmoja. Tai alivutiwa na lile vumbi. Sijui kwa nini, mimi si mtaalamu wa ndege. Labda lilikuwa na harufu. Lakini lilipokuwepo alikuwepo, na lilipoondolewa akaondoka, na hata mahakama ya kaunti imefunga watu kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Kwa sababu hiyo naomba kamati itekeleze yafuatayo kabla ya Oktoba:

(a) somo la Gordy lifutwe;

(b) Gordy arudishe kile kijiti alichonipangusia, ambacho nina hakika bado kiko kwenye sanduku lake la spana kwa kuwa hatupi kitu, ili nilirudishe vumbi langu mahali pake;

(c) mwanachama yeyote asipulize, asipanguse wala kubadilisha lenzi ndani ya maili mbili za Jabali la Kettle;

(d) wanachama wenye vumbi la zamani waliandikishe, na wasilipoteze bila kibali;

(e) kaunti iombwe kuweka bango.

7. Kahawa ya mikutano imekuwa nyepesi mno. Hili halihusiani na tai, lakini maadamu nimeshika kalamu.

Sasa niseme wazi lile ambalo haliingii kwenye namba. Tangu nistaafu, siku zote za mwaka mimi ni mtu anayeulizwa kama amemaliza kula ili meza ifutwe. Siku moja tu, Jumamosi ya pili ya Oktoba, watu wanasimama nyuma yangu na kungoja nionyeshe kidole. Naipenda siku hiyo kuliko Krismasi, na Dorthea anajua. Ukinifutia siku hiyo, Bi. Arlene, sijui nitakifanyia nini kidole hiki.

Nisalimie Bwana Duane na goti, wasalimie akina Ostby na umkumbushe yule mume kuhusu koti langu, msalimie Mchungaji. Gordy naye msalimie, lakini kwa sauti ya kawaida tu.

Wako katika mwanga uliopimwa vizuri,

Verlyn Haugdahl
Kiongozi, Safari ya Tai (kwa sasa bila tai)

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha nilipoona ni vyema niambatanishe ushahidi. Basi nikafungua picha zangu za miaka yote. Tai yupo kwenye picha za jabalini, kama nilivyosema. Yupo pia kwenye harusi ya mpwa wangu, juu ya keki. Tena yupo kwenye mlo wa samaki wa Krismasi, ndani ya chumba cha chini cha kanisa, juu kushoto, kati ya dari na kichwa cha Mchungaji Lindvall. Nilikunywa kikombe kizima cha kahawa.

Kisha nikamwuliza Dorthea kama alijua. "Tangu ile harusi," akasema. "Klabu nzima inajua, mzee wangu. Ulikuwa umefurahi mno. Nani angekwambia?" Halafu akaleta kamera yake ndogo, ile anayopigia maboga yake, akanionyesha picha moja ya ile safari ya Mei. Ni mimi, gari nimeligeuzia mgongo, kidole juu, naikodolea macho mbingu tupu. Nyuma yangu, juu ya paa la gari letu, amekaa tai. Kichwa cheupe, miguu ya njano, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na ananitazama mimi.

Nilimwuliza kwa nini hakuniita. Amesema aliniita mara mbili.

Kwa hiyo tafadhali futa namba 1 mpaka 6. Namba 7 inabaki. Niandikie nafasi kwenye somo la Gordy, nitakuja na kamera na bila hoja. Utepe wa bluu nitaurudisha nikipata moyo, ila picha ya maktabani naomba iachwe kwanza kwa ajili ya mawingu. Safari ya Tai iwekwe Jumamosi inayofuata, na kiongozi aandikwe Dorthea Haugdahl. Mimi nitabeba chupa ya kahawa, na nikiitwa nitageuka.