Dereva Tuliyeletewa kwa Kadi ya Milango Minane

Shule ya Sekondari Mlonge Pacha,
Kimara.
9 Septemba.

Ndugu Meneja wa Usafiri na Vifaa,
Ofisi Kuu ya Shule Zetu,
Mikocheni.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Madamu Auleria, ametufundisha kwamba barua ya kikazi haiwekwi shikamoo. Kwa hiyo naiacha hapa juu, nje ya barua yenyewe: shikamoo, mzee.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DEREVA

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne na katibu wa klabu ya kompyuta. Naandika kwa adabu kulalamika kwamba ombi letu la mwezi wa Juni limetekelezwa.

Naomba nikukumbushe. Kiwanda kimoja cha huko huko Mikocheni kilitupatia kompyuta moja inayotumia mfumo wa Linux, pamoja na skrini nane za zamani na kibodi zake. Ndani ya kompyuta ipo kadi yenye matundu manane. Kila tundu linapeleka waya kwenye skrini moja, ili wasichana wanane watumie kompyuta moja kwa wakati mmoja. Zinawaka skrini nne. Nne nyingine ni nyeusi. Mwalimu Gibson, aliyekuwa akitufundisha kompyuta, alisema kinachokosekana ni driver, ambacho sasa najua kwa Kiswahili huitwa kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia kadi. Kabla hajakitafuta, mlimhamishia shule yenu ya Vingunguti.

Mtihani wa vitendo ni tarehe 19, na kila mtahiniwa lazima awe na skrini yake. Watahiniwa tuko wanane, kwa hiyo tulipiga kura kwa vikaratasi kugawana skrini nne zinazowaka. Mimi, Hamida, Editha na Blessing tulipata vikaratasi vitupu. Asiyefanya vitendo hapati somo hilo kwenye cheti, na mimi nimepanga kwenda kusomea kompyuta nikimaliza shule. Hilo silalamikii, naeleza tu.

Malalamiko ni haya:

1. Barua ya ombi niliiandika mimi. Niliagizwa nisichanganye na Kiingereza, nikatii. Niliandika, "Tunaomba dereva wa kadi ya milango minane." Kwa driver kamusi ilinipa dereva. Kwa yale matundu, ambayo Kiingereza huyaita port, ilinipa maneno mawili, bandari na mlango, nikachagua mlango, nadhani nilituepusha na mengi. Ofisi yako ilipoona kadi, dereva na milango, ikaelewa kwamba ni gari. Siwalaumu. Hata mimi nikiisoma sasa naliona gari. Ila ningependa kujua ni gari gani ofisi yako imewahi kuliona lenye milango minane, maana hakuna aliyerudi kuuliza.

2. Alikuja kwanza ofisa wako mmoja na futi, akapima chumba cha kompyuta, ambacho kiko ghorofa ya kwanza. Aliandika kwamba panafaa kuegesha, isipokuwa ngazi. Karani wetu, Bi. Mwanakombo, alimweleza mara mbili kwamba ni kompyuta. Alijibu kwamba yeye ametumwa kupima, hakutumwa kuelezwa.

3. Kisha akaletwa dereva, Mzee Albano. Ana leseni safi, na ameendesha lori la nyama kutoka machinjioni kwa miaka ishirini na sita. Tabia yake hatuna la kusema. Anafika saa moja kasorobo, anaitikia shikamoo za darasa zima moja moja, anafuta vumbi kwenye skrini zote nane, na zile nyeusi pia. Lakini mlimpa kitabu cha safari, na kitabu lazima kijazwe. Kwa hiyo kila siku anaandika: Kutoka, chumba cha kompyuta. Kwenda, chumba cha kompyuta. Kilomita, sifuri. Sababu ya safari, elimu. Wiki iliyopita mlimpa barua ya onyo kwa sababu kilomita zake hazitoshi.

4. Tulipoandika mara ya pili kueleza kwamba dereva tuliyemwomba si mtu, mlijibu kwamba maneno hayo yanamdhalilisha mtumishi na mkatuagiza tuombe radhi. Nimeomba radhi. Mzee Albano amenisamehe, ingawa hakujua amekosewa nini.

5. Barua yenu ya Ijumaa inasema kwamba gari la milango minane halipatikani, kwa hiyo yatanunuliwa mawili, ya milango minne minne. Nilipomsomea Hamida aliniuliza, "Sasa sie wanne tutafanyia mtihani gari lipi?" Aliuliza kwa mzaha. Mimi nililifikiria swali lake usiku kucha, na ndilo lililozaa ombi langu.

Kwa kuwa ofisi yako haijawahi kukosea, na kwa kuwa katika jambo hili kuna kitu ambacho hakilingani na vingine, ni wazi kwamba kilichokosewa ni mtihani. Naomba ubadilishwe. Wenzetu wanne wenye skrini wafanye mtihani wa kompyuta. Sisi wanne tupimwe udereva, kwa kuwa hicho ndicho kifaa mlichotupatia. Mwalimu yupo, magari yanakuja, na Hamida tayari anajua kurudi nyuma. Kwenye cheti iandikwe tu kwamba tulisoma kompyuta ya magurudumu.

Kama hilo ni gumu, basi naomba Mzee Albano aondolewe, aletwe fundi wa kompyuta, hata kwa siku moja, kabla ya tarehe 19. Msimamo wangu ni kwamba mtu anayejua magari tu hana cha kutusaidia katika chumba hiki.

Wasalimie wote wa idara yako, hasa yule aliyekuja kupima. Magari yakifika, yasalimie pia.

Ni mimi, ninayesubiri kwa heshima na kwa haraka,

Tupokigwe Brightson,
Katibu, Klabu ya Kompyuta.

Tanbihi: Barua hii ilikwisha kugongwa muhuri asubuhi. Alasiri nilikuwa nawasha kompyuta, Mzee Albano amesimama nyuma yangu na kitambaa chake. Akaniuliza, "Mwanangu, hili limesajiliwa kubeba wangapi?" Nikamwambia kompyuta haisajiliwi. Akasema kila chombo kimeandikwa mahali, na kama kimeandikwa wanne, hakimpakii wa tano hata ukibembeleze. Kwa kumheshimu tu, nikasoma yale maandishi yanayopita upesi kompyuta inapoamka, ambayo sote huwa tunayaacha yapite. Yanasema wazi: kiendeshi kipo, milango minne. Kilikuwemo siku zote. Kiliagizwa kuhesabu hadi nne, kikaishia nne. Nimeongeza maneno machache kwenye mstari wa kuwashia, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma inapoamka, nikaandika nane, nikazima, nikawasha. Zimewaka zote. Ya mwisho imeniuliza jina langu, nami nimeliandika.

Kwa hiyo hatuhitaji fundi, wala magari, na Mzee Albano tunamhitaji sana. Bi. Mwanakombo anasema barua iliyogongwa muhuri hairudishwi, lazima iende. Najua ofisi yako hutekeleza kile kilichoandikwa, na mimi nimeandika kwamba aondolewe. Nakuomba, mzee, safari hii msitekeleze.